Jinsi ya kuisoma kaunti yako hapa Iowa: toka mahindi ya kuvuna kwa mkono mpaka viwanda vya nyama

Ndugu zangu mlioko Des Moines, Cedar Rapids, Iowa City, Waterloo, Ottumwa na vile vimji vyote vya katikati, wengi wetu tumefika huku tukitokea Kongo, Burundi, Tanzania, wengine mmekulia kambi ya Nyarugusu kabisa, tukapewa nyumba tukapata kazi maisha yakaanza, ila muulize mtu kwa nini kiwanda kikubwa cha nyama kimewekwa kwenye mji wa watu elfu nane wakati Chicago haiko mbali, au kwa nini unaendesha gari maili ishirini hukutani na mtu unakutana na mahindi tu, hana jibu. Na mi naona hilo jibu linatuhusu sana, maana ndo linaamua kazi itakuwepo wapi, nyumba ununue wapi na mtoto asomee nini. Kwaiyo hapa naelekeza namna ya kuichunguza kaunti yako mwenyewe uone uchumi wake ulivyogeuka toka vita vya pili vya dunia viishe 1945 mpaka leo. Haihitaji digrii, inahitaji simu yenye intaneti, jioni kadhaa na moyo wa kuuliza wazee.

Anza na picha, takwimu zije baadae

Chuo kikuu cha Iowa State kina ramani za bure mtandaoni, tafuta kwa jina Iowa Geographic Map Server, humo kuna picha zilizopigwa toka kwenye ndege miaka ya 1930 kwa jimbo zima na nyingine za miongo iliyofuata. Tafuta barabara unayopita ukienda kazini. Cha kwanza utakachoona ni kwamba barabara za vijijini zimenyooka na zinakatana karibu kila maili moja, hiyo ni kwa sababu ardhi ilipimwa kwa viboksi vya maili moja kwa maili moja, kila boksi ekari 640, na shamba la familia mara nyingi lilikuwa robo ya boksi, yaani ekari 160.

Sasa chagua boksi moja tu kwenye picha ya miaka ya 1930, livute karibu ulitazame taratibu. Utaona nyumba tatu au nne, kila nyumba na mabanda yake, mstari wa miti upande wa kaskazini na magharibi wa kuzuia upepo wa baridi, njia ya ng'ombe iliyokanyagwa mpaka imekuwa nyeupe, na shamba limegawanywa vipande vya rangi tofauti maana hapa mahindi, hapa oti za kulisha farasi, hapa majani ya kukausha, hapa malisho. Halafu fungua picha ya karibuni ya boksi hilohilo. Mara nyingi nyumba imebaki moja au hamna kabisa, fensi zimeng'olewa, miti imeng'olewa, yote ni mahindi na soya mpaka ukingoni mwa barabara. Hesabu nyumba zilizopotea, weka familia kwenye kila moja, hao ndo waliokuwa wateja wa lile duka lililofungwa pale mjini, ndo waliokuwa wanajaza ile shule ambayo saivi ni jengo tupu. Fanya hivi kwa viboksi vitatu vinne vya kaunti yako kabla hujasoma kitu kingine chochote, maana ukishaona kwa macho takwimu zinaingia zenyewe.

Afu ingia kwenye sensa ya kilimo

Wizara ya kilimo ya Marekani inafanya sensa ya mashamba kila baada ya miaka mitano na matokeo yapo bure kwa kila kaunti, kaunti zote 99 za Iowa zimo. We chukua vitu viwili tu, idadi ya mashamba na wastani wa ukubwa wake, mwaka wa zamani na mwaka wa karibuni. Kwa jimbo zima mambo yako hivi: vita vinaisha Iowa ilikuwa na mashamba zaidi ya 200,000, mwaka 1950 wastani ulikuwa kama ekari 170, na sensa ya 2022 ilikuta mashamba kama 87,000 yenye wastani wa ekari 345. Ardhi yenyewe haijaenda popote, inalimwa karibu yote kama zamani, waliopungua ni watu. Na mavuno hayajapungua, yamepanda mno, miaka ya 1930 mwaka mzuri ekari moja ilikuwa inatoa busheli kama 40 za mahindi (busheli ni kama kilo 25), leo wastani wa jimbo unazunguka 200.

Andika namba za kaunti yako pembeni ya hizi. Kama mashamba ya kwako yamepungua kuliko wastani wa jimbo jiulize kwa nini, hapo ndo utafiti unaanza kunoga.

Jua mashine ilivyomtoa mtu shambani

Hapa nawaomba mtulie kidogo maana ndo moyo wa habari yote. Mpaka miaka ya 1920 mahindi ya Iowa yalivunwa kwa mkono, karibu yoteee, mamilioni ya ekari. Mtu anavaa glovu yenye ndoano ya chuma kiganjani, anachana ganda, anavunja hindi, analirusha kwenye mkokoteni wa farasi unaotembea pembeni yake, na mkokoteni ulikuwa na ubao mrefu umesimamishwa upande wa pili ili hindi likigonga ubao lidondokee ndani, yani mtu anarusha bila hata kuangalia anasikiliza mlio tu. Mvunaji hodari alikuwa anafikisha busheli 100 kwa siku nzima, na kazi yenyewe inaanza vuli inaenda mpaka baridi kali. Nyie mliolima kwa jembe huko Fizi au Kasulu mnajua mgongo unavyokuwa jioni.

Vitu kadhaa vikaja karibu kwa pamoja. Cha kwanza mbegu chotara. Henry A. Wallace, mtu wa hapahapa Iowa ambaye baadae alikuja kuwa waziri wa kilimo halafu makamu wa rais wa Marekani, alianzisha kampuni ya mbegu chotara mwaka 1926, ndo hiyo ikaja kuitwa Pioneer, na kufika miaka ya mwanzo ya 1940 karibu kila mkulima wa Iowa alikuwa ameacha mbegu zake za nyumbani. Mahindi chotara yalizaa zaidi lakini pia bua lake lilikuwa imara, linasimama, na bua linalosimama ndo mashine inaweza kulivuna. Cha pili trekta, John Deere ilikuwa Waterloo tangu 1918, na vita ilipokuja vijana wakaenda jeshini, vibarua hamna, bei za mazao juu, wakulima wakalipa madeni yao na wakabaki na hela, vita kuisha tu hela ikaenda kwenye matrekta na mashine za kuvuna. Cha tatu mbolea, viwanda ambavyo serikali ilijenga wakati wa vita kutengeneza amonia ya milipuko viligeuzwa vikawa vya mbolea. Na dawa ya magugu ya 2,4-D ikaingia sokoni vita vikiisha tu, kwaiyo palizi nayo ikaondoka.

Sasa unganisha. Farasi kaondoka, kwaiyo oti za kumlisha hazina kazi, ile ardhi ikapandwa soya. Leo Iowa inapanda kama ekari milioni 13 za mahindi na milioni 10 za soya na kitu kingine ni kidogo sana. Mtu mmoja mwenye trekta anaweza kulima ardhi ya jirani yake, jirani akizeeka watoto wake hawarudi, shamba linakodishwa au linauzwa, nyumba inabaki tupu, miaka kumi baadae inabomolewa. Hakuna aliyefukuzwa kwa bunduki lakini watu waliondoka, kaya baada ya kaya, na ndo maana mnaona ukimya ule njiani.

Mambo haya yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba 1959 Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, katikati ya vita baridi alikuja mpaka Coon Rapids kwenye shamba la Roswell Garst kuangalia mahindi. Shamba lile bado lipo na unaweza kwenda kulitembelea, wapelekeni watoto.

Fuatilia walikokwenda

Watu waliotoka mashambani wengi walihamia miji ya hapahapa jimboni, wengine wakaenda California na Chicago. Sensa ya 1960 ndo ya kwanza ambayo watu wa mijini Iowa walikuwa wengi kuliko wa vijijini. Kwa hiyo kwenye kaunti yako tafuta kiwanda kilichowapokea. Newton walikuwa na Maytag ya mashine za kufulia, Cedar Rapids Collins Radio na Quaker Oats, Davenport pale Riverdale kiwanda cha alumini cha Alcoa kikafunguliwa 1948, Forest City wakaja na Winnebago wa magari ya kulala mwaka 1958, Waterloo matrekta ya John Deere na nyama ya Rath. Nenda maktaba ya mji wako, mwambie mkutubi unataka magazeti ya zamani ya mji na orodha ya waajiri wa zamani, wanapenda sana kuulizwa hivyo vitu, usione haya kwa sababu ya kiingereza chako.

Ukiwa Waterloo uliza pia habari za Wamarekani weusi wa pale, wazee wao walitoka Mississippi kuanzia miaka ya 1910 wakiletwa na kampuni ya reli kipindi cha mgomo, baadae wakaingia Rath na John Deere. Wao waliishi habari ya kuja kwa ajili ya kazi ngumu na kutengewa mtaa wa kuishi muda mrefu kabla yetu, na wanatuelewa kuliko tunavyodhani.

Kiwanda cha nyama: uliza kilikuwa cha nani kabla

Hili ndo swali ninalotaka kila mtu aliye kwenye laini ya nyama alijue jibu lake. Zamani nyama ilichinjwa miji mikubwa na viwanda vikubwa vya ghorofa, wafanyakazi walikuwa na chama cha nguvu, mshahara wa mchinjaji ulikuwa unajenga nyumba na unasomesha. Rath ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi Waterloo, Morrell ilikuwa Ottumwa tangu karne ya 19.

Mwaka 1960 ikaanzishwa Iowa Beef Packers, na 1961 ikafungua kiwanda Denison, mji mdogo magharibi mwa jimbo. Wazo lao lilikuwa jepesi ila lilipindua kila kitu, badala ya kumsafirisha ng'ombe hai mamia ya maili anapungua uzito na wengine wanakufa njiani, kiwanda kiende aliko ng'ombe, kiwe jengo la chini moja refu, na kazi ya mchinjaji igawanywe vipande vidogo vidogo, kila mtu anakata mkato mmoja, mkato huohuo shifti nzima. Mtu wa mkato mmoja anafundishika haraka, kwaiyo hawakuhitaji tena fundi wa miaka kumi wala kumlipa mshahara wa fundi. Mwaka 1967 wakaongeza jambo lingine, nyama inakatwa hukohuko kiwandani inafungwa kwenye maboksi badala ya kupeleka nusu ng'ombe kwa wauza nyama. Viwanda vya zamani havikuweza kushindana. Morrell ya Ottumwa ikafunga 1973, Rath ikafunga 1985.

Na angalia mtindo unavyojirudia. Storm Lake kulikuwa na kiwanda cha nyama kilichofungwa 1981, mwaka uliofuata IBP (ndo ileile Iowa Beef, jina limefupishwa) ikafungua palepale, na mishahara ya chini kuliko ya zamani. Wenyeji wengi hawakuikubali ile hela, wakaja Walao, maana gavana Robert Ray alikuwa amewakaribisha wakimbizi wa Tai Dam (kabila la Vietnam na Laos) toka 1975, wakaja Wameksiko, Wabosnia wakajaa Waterloo miaka ya 1990, na sisi tumekuja kwenye foleni hiyohiyo. IBP ilinunuliwa na Tyson mwaka 2001. Kwaiyo ukisikia mzee wa kizungu anasema zamani kazi hii ilikuwa inalipa, hasemi uongo, ilikuwa inalipa kweli, na kilichoishusha ni namna kazi ilivyopangwa upya miaka mingi kabla hujashuka kwenye ndege. Mtu asikubebeshe lawama hiyo.

Cha kufanya: tafuta kiwanda chako kilifunguliwa lini, kiliwahi kufungwa lini, kimebadilisha wamiliki mara ngapi, na kama kina chama cha wafanyakazi mkataba wao unasemaje. Ukishajua hayo unajua unasimama wapi.

Bei ya ardhi, kipimo cha homa

Iowa State wanapima bei ya ekari kila mwaka. Tafuta grafu yao na uangalie mlima mmoja: mwaka 1981 wastani ulifika dola 2,147 kwa ekari, mwaka 1986 ukawa dola 787. Hiyo sio namba ya kupita tu. Miaka ya 1970 Warusi walikuwa wananunua nafaka nyingi, bei juu, benki zinakopesha, wakulima wanaambiwa waongeze ardhi, halafu riba ikapanda vibaya kuanzia 1979, Januari 1980 rais Carter akazuia mauzo ya nafaka Urusi, mtu alikopa kwa dhamana ya ardhi na ardhi yenyewe imeporomoka. Familia zilizokaa vizazi vitatu zilisimama uani zikiangalia vitu vyao vinapigwa mnada, mpaka koleo na ndoo. Watu wa Iowa walipungua toka milioni 2.91 mwaka 1980 mpaka 2.78 mwaka 1990. Ukikutana na mwenyeji wa miaka sitini na kitu ambaye hataki kabisa kuongelea mikopo, jua alikuwa kijana miaka hiyo.

Leo ekari imevuka dola 11,000, na karibu theluthi mbili ya ardhi ya kilimo ipo mikononi mwa watu wa miaka 65 na kuendelea, zaidi ya nusu imekodishwa. Kwaiyo kama una ndoto ya kununua shamba la mahindi niwaambie ukweli, mlango huo ni mzito. Ila bustani za mboga zinawezekana, Des Moines kuna mradi wa Global Greens uliowapa wakimbizi wa Burundi, Kongo, Rwanda na Asia vipande vya ardhi walime na wauze sokoni, na kinamama wetu wamefanya vizuri huko kwa lengalenga na biringanya.

Shule na viti vya bunge

Hii fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Iowa ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 4,000, leo zipo kama 325. Jina refu la shule ya kaunti yako lenye miji mitatu ndani yake ni miji iliyounganishwa sababu watoto hawatoshi. Na bungeni Washington Iowa ilikuwa na viti 8 baada ya sensa ya 1940, saivi ina 4, sio kwamba watu wameisha, wameongezeka kidogo tu wakati majimbo mengine yamekua haraka.

Kaa na wazee

Takwimu hazitakwambia kila kitu. Nenda mgahawani asubuhi, au kwenye yale maghala marefu ya nafaka pembeni ya reli wakati sio msimu wa mavuno, au kanisani. Msalimie mtu kwanza, muulize habari za mvua, kama kwetu tu, usianze na maswali. Halafu uliza: ulipokuwa mdogo Jumamosi mjini ilikuwaje, kiwanda gani kilikuwa kinaajiri watu wengi, kwenu mlifuga nini. Wengi watakwambia walikuwa na nguruwe wachache, kuku, ng'ombe wa maziwa, kila kitu kidogo kidogo. Leo Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20 kwa watu milioni 3.2, karibu wote wamefungiwa kwenye mabanda marefu yanayomilikiwa na watu wachache. Rekodi kwa simu ukiomba ruhusa, na mtoto wako akae pembeni asikilize.

Sasa itumie kuamua

Linganisha kaunti mbili. Adams kusini magharibi ilikuwa na watu zaidi ya 13,000 mwaka 1900, sensa ya 2020 imekuta 3,704. Dallas, magharibi ya Des Moines, imetoka 66,135 mwaka 2010 mpaka 99,678 mwaka 2020, kwa sababu ya bima, benki na ujenzi wa pale mjini, maana Iowa ya leo kilimo chenyewe ni sehemu ndogo ya pato kuliko viwanda. Lakini usidanganyike na jina la kaunti, Perry ipo ndani ya hiyohiyo Dallas, mji wa watu kama 8,000, na Juni 2024 Tyson ikafunga kiwanda chake pale, watu kama 1,300 wakabaki bila kazi kwa mpigo.

Kabla ya kusaini mkopo wa nyumba kwenye mji mdogo fanya hivi. Uliza mwajiri mkubwa ni nani na wa pili ni nani, kama wa pili ni shule au hospitali na hakuna wa tatu, basi nyumba yako imefungwa kwenye kiwanda kimoja. Angalia idadi ya watu sensa tatu za mwisho. Pima dakika za kuendesha mpaka mji mwingine wenye kazi, barabara za I-80 na I-35 zinasaidia sana hapo, mji ulio mbali nazo hauna pa kukimbilia. Angalia chuo cha jamii kilicho karibu kinafundisha nini, fundi umeme wa mitambo ya upepo, fundi wa mashine, unesi, maana zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa unatoka kwenye upepo na ile minara inahitaji watu. Na mwisho, sheria ya Iowa inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 na zaidi akifunga au akipunguza watu wengi atoe taarifa siku 30 kabla, hizo taarifa zinawekwa wazi kwenye tovuti ya Iowa Workforce Development, kwaiyo ifungue kila mwezi, na jina la kampuni yenu likitokea humo wapigie simu wenzako wa shifti zote siku hiyohiyo.